Apu za kuwasemea wasioweza kunena ziseme Kiswahili, si Kisetla

MJOMBA wangu alifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka 31. Waliopita mikononi mwake kule Voi humkumbuka kwa jambo moja: hakuvumilia ngeli ivunjwe mbele yake. Ukimwambia "kitabu yangu imepotea," hakukukaripia. Alikutazama tu, kimya, mpaka ujisahihishe mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na ulimi ukakataa kumtii. Daktari alitueleza kwamba lugha yenyewe ilisalia salama kichwani mwake. Kilichoharibika ni njia ambayo ubongo huitumia kuamrisha misuli ya kinywa. Anasikia, anaelewa, na gazeti analisoma kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kutamka ndiko kulikomshinda.

Mwaka jana binamu yangu anayeishi ng'ambo alirudi likizo na tableti yenye apu ya kuwasaidia watu wenye matatizo ya usemi. Apu hiyo ilikuwa na lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Tulikusanyika sebuleni sote, wakubwa kwa wadogo, kumsikia Mjomba akisema tena. Alivitazama vile vijipicha kwa muda, kisha kwa kidole cha mkono wa kushoto akagusa vinne. Tableti ikatamka, kwa lafudhi ya mgeni aliyeshuka ndege asubuhi ile: "Mimi. Kutaka. Kunywa. Chai."

Wajukuu waliangua kicheko. "Babu amekuwa mzungu!" Naye alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akaigeuza tableti kifudifudi, akaomba kwa ishara apewe daftari na kalamu, na kwa hati iliyopindapinda akaandika maneno matatu: "Mimi si mtalii."

Hajaigusa tena. Jamaa walisema ni ukaidi wa uzee. "Si aitumie tu, kwani chai hakuletewa?" Ameniruhusu kuyaandika haya kwa sababu mimi na yeye tunakubaliana kwamba tatizo si ukaidi. Tatizo ni la lugha, na sisi tunaojiita wataalamu wa Kiswahili tumeliacha mikononi mwa watu wasiokijua.

Teknolojia yenyewe si ngeni kama wengi wanavyodhani. Kabla ya simu kulikuwa na mbao za picha na za herufi. Mnamo 1949 Charles Bliss alichapisha mfumo wa alama alioukusudia uwe maandishi ya mataifa yote. Ulimwengu haukumjali. Hata hivyo, mwaka wa 1971, wahudumu wa watoto wenye ulemavu wa ubongo mjini Toronto, Kanada, walizigundua alama hizo na kuona kuwa mtoto asiyeweza kutamka wala kushika kalamu anaweza kuzionyesha na akaeleweka.

Mfano mwingine ni wa Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle nchini Ufaransa. Kiharusi cha Desemba 1995 kilimwachia kope moja tu ya kuchezesha. Msaidizi alimsomea herufi moja baada ya nyingine, naye akapepesa jicho ilipofika aliyoitaka. Kwa njia hiyo alitunga kitabu kizima, kilichotoka 1997. Kwa mwanaisimu, lililo muhimu ni mpangilio wa herufi zile. Hazikusomwa kwa utaratibu wa abjadi bali kwa wingi wa matumizi yake katika Kifaransa, zikianza na E. Ubao wa aina hiyo ukihamishiwa kwetu jinsi ulivyo, mgonjwa Mswahili atangoja bure, maana herufi inayotutawala sisi ni A. Hata kifaa rahisi kabisa cha mawasiliano, basi, kimejengwa juu ya lugha fulani.

Sauti nayo ni sehemu ya mtu. Mwanafizikia Stephen Hawking alipoteza sauti yake 1985 baada ya koo lake kutobolewa ili kuyaokoa maisha yake. Mashine aliyopewa ilitumia sauti iliyotokana na utafiti wa Dennis Klatt wa chuo cha MIT, na lafudhi yake ilikuwa ya Kimarekani ilhali Hawking alikuwa Mwingereza. Miaka ilipita, sauti bora zikapatikana, naye akakataa kubadilisha. Alikuwa ameshajitambulisha nayo, na dunia ilimtambua kwayo. Anayesema kwamba Mjomba angeridhika na sauti yoyote mradi itoke hajafikiria jambo hili.

Simu za kisasa zilipoenea, kazi iliyofanywa na mashine ghali iliingia mfukoni. Proloquo2Go, ya kampuni ya AssistiveWare ya Uholanzi, ilitoka 2009. Kule Brazil, Carlos Pereira aliunda Livox kwa ajili ya bintiye. India ina Avaz, iliyozaliwa Chennai na ambayo jina lake ni neno la Kihindi lenye maana ya sauti. Ina pia Jellow, iliyoundwa katika taasisi ya IIT Bombay na inayotolewa bila malipo. Wahindi hawakungoja kutafsiriwa. Waliunda vifaa kwa ajili ya watoto wao, kwa lugha zao.

Nyingi ya apu hizi hufanya kazi kwa mtindo mmoja. Kioo kimegawanywa vijisanduku, na kila kijisanduku kina picha na neno. Mtumiaji hugusa, maneno yakajipanga kwenye mstari juu ya kioo, kisha sauti ya mashine ikayasoma. Kwa Kiingereza mtindo huo unakubalika kwa kiasi kikubwa. Gusa "I", gusa "want", gusa "tea", na sentensi imesimama. Maneno ya Kiingereza hayabadiliki sana yanapokutana.

Yetu hubadilika. Chukua "ninakitaka." Kwenye karatasi ni neno moja, lakini lina vipande vitano: ni- ya nafsi, -na- ya wakati, -ki- ya kile kinachotakwa, mzizi -tak-, na kiishio -a. Mfasiri, awe mtu au mashine, akipewa orodha ya maneno pweke yasiyo na sentensi, ataandika "kutaka" mbele ya "want" kwa sababu kamusi ndivyo inavyosema. Kila kijisanduku kikikaguliwa peke yake kitapata alama ya vyema. Vikiunganishwa ndipo unaposikia kichekesho kile cha sebuleni kwetu.

Nacho kichekesho hicho kina historia. Walowezi wa Kizungu walipozungumza na vibarua wao, walitumia Kiswahili kisicho na ngeli wala viambishi, ambacho hatimaye kiliitwa Kisetla. "Wewe kuja hapa." "Mimi hapana taka hii." Kilikuwa Kiswahili cha kutoa amri, na waliokitumia hawakuhitaji zaidi ya hapo. Babake Mjomba alikuwa kibarua katika shamba la mkonge. Aliamrishwa kwa lugha hiyo, na mwanawe akasomea ualimu na kushinda darasani miaka 31 akifundisha lugha iliyo kamili. Leo teknolojia imemrudishia Kisetla na kumwambia ashukuru.

Kasoro haiishii hapo. Wataalamu wa taaluma hii hushauri kwamba ubao uanze na maneno machache yanayotumika mno, kama vile "not", "it" na "more". Ushauri ni mzuri, ila maneno yenyewe ni ya Kiingereza. "Not" kwetu mara nyingi haipo kama neno. Ukanushi wetu umo ndani ya kitenzi: nataka, sitaki, nilikula, sikula, amefika, hajafika, njoo, usije. Apu ikiweka "hapana" mahali pake, tumerudi kwa "mimi hapana taka." "It" nayo ni ki-, li-, u-, i-, vi-, ya- au zi-, kutegemea kinachozungumziwa. Na "more" hutafsiriwa "zaidi," ilhali sijawahi kumwona mtoto Mkenya akimnyoshea mamake sahani na kusema, "Zaidi." Husema "niongeze," au "naomba ingine," hata kama mwalimu wake angependa "nyingine."

Najua kuna watakaoniuliza: je, si afadhali kiduchu kuliko kukosa kabisa? Mgonjwa anataka maji, wewe unamletea upatanisho wa kisarufi! Ni swali la haki, na kwa mtu mzima aliyelazwa hospitalini leo, ambaye hana chochote, jibu langu ni ndiyo. Apewe hicho kilichopo, apate maji yake. Ubao wa kadibodi uliochorwa kwa kalamu una thamani kuliko kimya.

Lakini apu hizi hazitumiwi na watu wazima peke yao. Kuna mtoto mwenye usonji ambaye hajawahi kutamka neno, na kuna mtoto mwenye ulemavu wa ubongo ambaye misuli ya kinywa haimtii. Mtoto huyu hajifunzi lugha kwanza kisha akaitafutia kifaa. Anajifunza lugha kupitia kifaa. Mtoto mwingine akikosea huwa amesharopoka maelfu ya sentensi na kusahihishwa na mama, dada na majirani mpaka sarufi ikatulia. Huyu wa kwetu, sentensi anazoweza kuunda ni zile tu ambazo kioo kinamruhusu. Kioo kikimpa "mimi kutaka," basi hiyo ndiyo lugha yake ya kwanza. Atakua nayo. Kisha ataingia darasani, mwalimu amsikie, aseme: mtoto huyu akili yake haiko sawa. Kosa la mfasiri litakuwa limeandikwa katika faili ya mtoto.

Jambo la tatu ninalozilaumu apu hizi kwalo ni namna zinavyomfikiria mtu. Fungua ukurasa wa kwanza wa ile ya Mjomba utaona njaa, kiu, choo, maumivu, baridi, usingizi. Yote ni ya mwili. Ni kweli mgonjwa ana mwili, lakini mzee wa miaka 70 hasemi ili apewe tu. Husema ili abishe, atanie, akumbushe, aonye, asamehe. Kijisanduku cha "la hasha" kiko wapi? Cha "pole kwa msiba"? Cha "hodi" na "karibu"? Cha "mwongo wewe"?

Salamu ndizo zilizonikera zaidi. Apu ina kijisanduku kimoja cha salamu, "Jambo." Salamu za Kiswahili ni mazungumzo kamili, si neno la kurushiana. Kule Pwani kijana akimwamkia Mjomba "shikamoo," anastahili kuitikiwa "marahaba," kisha aulizwe habari za nyumbani, naye ajibu, naye aulize. Mzee asiyeweza kuitikia shikamoo amevuliwa uzee wake mbele ya watoto. Kiitikio hicho kingegharimu kijisanduku kimoja tu. Aliyepanga kioo hakujua kuwa kinahitajika.

Methali nazo? Wazee wetu wengi hufikiri kwa methali. Mtu akiweza kugusa mahali pamoja na simu ikasema "Kimya kingi kina mshindo mkuu," amesema sentensi kumi kwa mguso mmoja. Waundaji wa apu hulalamika daima kwamba watumiaji wao huchelewa, kwamba kila neno ni jasho. Kiswahili kina hazina ya kauli fupi zinazobeba maana nzito, na hakuna aliyefikiria kuitumia.

Kuhusu sauti, hapa lazima niseme ukweli: hali imekuwa bora kuliko ilivyokuwa. Simu za Android zinaweza kusoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti inayoeleweka. Microsoft ina sauti za Kiswahili za Kenya, Zuri na Rafiki, na za Tanzania, Rehema na Daudi. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za Waswahili waliojitolea kusoma sentensi, na wasomi wa vyuo vikuu vyetu, Maseno kikiwemo, walikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Luhya katika mradi wa Kencorpus. Kwa hivyo kisingizio kwamba Kiswahili hakina sauti wala data hakina mashiko tena. Tableti ya Mjomba ilitamka kama mtalii kwa kuwa aliyeiunda hakutafuta sauti ya Kiswahili, si kwa kuwa haikuwepo.

Hata hivyo, sauti nzuri haitoshi ikiwa haijui desturi. Ile niliyoijaribu mimi kwenye simu yangu, niliipa isome "14:00" ikasema "kumi na nne." Mswahili hana saa kumi na nne. Ana saa nane mchana. Mgonjwa akitaja saa ya dawa kwa mtindo huo atamchanganya muuguzi, na hapo mzaha umekwisha.

Bei nayo ni kizingiti. Proloquo2Go imeuzwa kwa miaka mingi kwa takriban dola 250, nayo hufanya kazi kwenye vifaa vya Apple pekee. Wakenya wengi hutumia Android. Mzazi wa Kibwezi au Kakamega atanunua kwanza kifaa, kisha apu, kisha atafute mtaalamu wa usemi wa kumwelekeza, na wataalamu hao ni haba, wengi wao wakipatikana katika miji mikubwa. Yote hayo ili mwanawe aseme Kiingereza au Kisetla.

Sasa tufanyeje? Nimewasikia watu wakisema kwamba Kiswahili ni kigumu kwa mashine kwa sababu ya viambishi vyake. Mimi naona kinyume chake. Hizo ngeli na viambishi tunavyovilalamikia ndivyo vinavyokifanya Kiswahili kifae kioo cha vijisanduku kuliko Kiingereza.

Tupige hesabu. Weka safu ya kwanza ya nafsi sita: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Safu ya pili iwe ya nyakati nne: -na-, -li-, -ta-, -me-. Safu zinazofuata ziwe na vitenzi 40 vya kila siku. Jumla ni vijisanduku 50, vinavyotosha kwenye kioo cha tableti. Mtumiaji akigusa mara tatu anapata neno lililo sentensi kamili: ni-na-taka, wa-me-fika, tu-ta-rudi. Sita mara nne mara 40 ni sentensi 960. Ongeza kijisanduku kimoja tu kilichoandikwa "kanusha," na kila sentensi ipate kinyume chake. Hapo una sentensi 1,920 kwa vijisanduku 51, na zote ni Kiswahili sanifu.

Kijisanduku hicho cha kukanusha kitahitaji kanuni: ninakula iwe sili, nilikula iwe sikula, nimekula iwe sijala, nitakula iwe sitakula. Kanuni hizi zinajulikana. Mwanafunzi wa sekondari anazo kwenye daftari lake. Vivyo hivyo ngeli. Mashine ikishaambiwa kwamba kikombe ni KI-VI, mtumiaji akigusa kikombe, kisha -angu, kisha -me-, kisha vunjika, itatoa "kikombe changu kimevunjika" bila mtoto kuhangaika. Tena kila akisikia hivyo, anafunzwa.

Kazi hii haihitaji akili unde ya mabilioni. Inahitaji mwanaisimu na mwanaprogramu waketi meza moja kwa miezi kadhaa, na walimu wa shule za watoto wenye mahitaji maalumu wawe hapo kuwakosoa. Vyuo vyetu vinatoa tasnifu za mofolojia ya Kiswahili kila mwaka. Nimesimamia baadhi yake, na nakiri sikuwahi kumwuliza mwanafunzi hata mmoja: kanuni hizi ulizozichora kwa miti na mabano, nani atazitumia kuomba maji?

Hapa nataka kujihadhari na kosa la pili. Tukishajenga apu ya Kiswahili sanifu, tusiifanye gereza. Mjomba anataka ngeli zake. Kijana wa miaka 15 wa Kayole anayetumia kiti cha magurudumu anataka kuwaambia wenzake "niaje" na kuitikia "poa," na akilazimishwa kuwaambia "hamjambo" atachekwa kama Mjomba alivyochekwa. Kwa Mjomba, Kisetla kilikuwa aibu. Kwa kijana huyu, usanifu wa darasani uwanjani ni aibu ile ile. Apu imruhusu mtumiaji aongeze maneno yake na achague atasema vipi na nani, kama sisi wenye ndimi tunavyochagua kila siku bila kufikiri.

Wala Kiswahili pekee hakitoshi. Katika nyumba nyingi za Kenya mtoto husikia Ekegusii kwa nyanya, Kiswahili kwa mlezi na Kiingereza kwa mwalimu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza serikali ikuze lugha za kiasili, Lugha Ishara ya Kenya, Breli, na miundo na teknolojia nyingine za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa na kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Kenya pia iliuidhinisha 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unayataja mawasiliano ya aina hii waziwazi. Sheria tunayo. Kinachokosekana ni kazi.

Istilahi nazo zinatungoja. Taaluma hii haina jina lililotulia kwa Kiswahili. Napendekeza "mawasiliano saidizi na mbadala": saidizi kwa anayesema kidogo na kuhitaji kuongezewa, mbadala kwa asiyesema kabisa. Lau kuna msomaji mwenye jina bora, alilete. Tunapotafuta jina tuliache neno "bubu" lipumzike. Linamtaja mtu kwa kitu asichonacho, na mara nyingi husemwa kana kwamba asiyetamka hana la kusema. Lugha yetu imeshawaweka wengi katika ngeli ya vitu, kiziwi, kipofu, kiwete. Walau hapa tunaweza kuanza vyema kwa kusema "mtu mwenye ulemavu wa usemi."

Nimalizie kwa jambo ambalo hakuna apu itakayolitibu. Mwezi wa nne tulikuwa na kikao cha posa ya bintiye Mjomba. Yeye ndiye baba wa msichana, kwa hivyo neno lake lilitarajiwa. Tulikuwa tumeiacha ile tableti na kumpatia simu ya kawaida inayosoma maandishi. Anaandika kwa kidole kimoja, simu inasoma. Sentensi ni zake mwenyewe, ngeli zote mahali pake.

Wageni waliuliza swali. Mjomba akaanza kuandika. Dakika ya kwanza ikapita kwa heshima. Ya pili, mtu akakohoa. Ya tatu, mjumbe mmoja akamgeukia mdogo wake Mjomba na kumwuliza swali lile lile, naye akajibu. Mazungumzo yakasonga mbele. Simu ilipokuja kutamka, "Binti yangu ana kauli yake, aulizwe yeye kwanza," hoja ilikuwa imeshapita na watu wanajadili tarehe. Wachache waligeuka. Wengine walidhani ni simu ya mtu inaita. Bintiye ndiye aliyesimama akasema, "Baba amesema. Naomba arudiwe." Kikao kikarudi nyuma.

Usiku ule Mjomba aliniomba nimwekee kauli moja iliyo tayari, aiguse mara moja tu bila kuandika, na sauti iwe ya juu kabisa. Nilidhani atachagua salamu au shukrani. Aliandika: "Ngojeni, sijamaliza." Akaichunguza, akaridhika kuwa -ja- iko mahali pake, akanirudishia simu.

Kauli hiyo ni ya bure na ni ya Kiswahili sanifu. Wanaoandaa ubao wa kwanza wa Kiswahili, wawe Maseno, Nairobi au Pwani, waiweke ukurasa wa kwanza, juu ya njaa na choo. Na walimu wenzangu wa isimu, muhula huu ukianza, tumpe angalau mwanafunzi mmoja kila idara kazi ya kutengeneza vijisanduku 51. Mjomba amekubali kusahihisha.